Sura ya Tisa: Koti la Taa za Kaskazini

Jumanne hiyo Simiyu alifika mtaa wa Skuta, mjini Nyeri, mapema kuliko alivyoahidi. Lynn Murugi alijua ni yeye hata kabla hajabisha, maana hakuna mtu mwingine mtaani aliyefunga geti, akalitikisa kuona kama limefungika, halafu akalitikisa tena. Lynn alikuwa kwenye cherehani akikunja upindo wa gauni la mteja. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio, akajikaripia. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, na bado sauti ya geti inamtoa jasho.

Simiyu aliingia chumba cha kushonea na begi kubwa mgongoni, uso wote meno. Hata salamu alisahau. Alitoa bahasha ya kahawia akaiweka juu ya lile gauni.

"Fungua."

"Kwanza ondoa hiyo kitu kwa nguo ya watu."

"Lynn, fungua tu."

Ndani mlikuwa na pasipoti mbili. Lynn alifunua yake ukurasa kwa ukurasa, polepole, kama anayetafuta sindano kwenye zulia, mpaka akaona picha yake mwenyewe ikimtazama kutoka kwenye karatasi ya viza. Alikuwa hajatabasamu kwenye picha ile. Sasa alitabasamu kwa niaba yake.

"Wametupatia," alisema kwa sauti ndogo. "Sisi wote?"

"Sisi wote. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tuko stage, jioni tuko kwa ndege, Ijumaa tuko Tromso. Siku kumi. Ukiona anga ikigeuka kijani usiniulize tena kama ni kompyuta."

Lynn akacheka, maana hivyo ndivyo walivyoanza. Simiyu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari pale Ruring'u, mtu wa Bungoma aliyeletwa Nyeri na kazi na akabakizwa na Lynn. Siku ya kwanza kuonana, Lynn alikuwa amepeleka shuleni jezi za timu ya voliboli. Akapita mlango wa darasa, akaona ukutani video ya anga ya usiku ikitiririka rangi ya kijani na zambarau juu ya milima ya theluji. Akasimama pale na mzigo wake kichwani mpaka kengele ikalia. Akauliza kama kitu kile ni kweli au ni kompyuta. Mwalimu akamwambia ni kweli, huko Norwe, upande wa juu kabisa. "Na mtu wa kawaida anaweza kwenda?" Lynn aliuliza. Swali hilo lilikuwa limewagharimu miaka miwili ya kujinyima.

Wakati ndio uliokuwa ukiwasukuma. Simiyu alimweleza kwamba jua lina mzunguko wake wa karibu miaka kumi na moja, linachemka na kupoa, na sasa lilikuwa limechemka. Likishapoa, taa hizo zinakuwa hafifu na adimu, mpaka zamu nyingine. Lynn alipiga hesabu ya umri wake na wa babake, akaona hawawezi kungoja.

Basi wakajiandaa kama watu wa milimani wanavyojua kujiandaa. Nguo za theluji za Wazungu zimejaa kwenye mitumba ya Nyeri, na hakuna anayezitaka isipokuwa watu wa bodaboda. Julai, baridi ilipouma, walichimbua marundo kila Jumamosi. Simiyu alipata koti jeusi. Lynn alivutana na kijana wa bodaboda kwa koti refu la kahawia, linalofika magotini, lenye manyoya kwenye kofia, na kijana akaliachia alipoona kwamba mama huyu hana mzaha. Lynn alibadilisha zipu na kupunguza mikono. Kisha, ili kujua kama yanafaa, wakaenda kwa Kingori, rafiki ya Simiyu anayeuzia mahoteli kuku, akawafungia ndani ya chumba chake cha barafu kwa dakika ishirini. Ilikuwa humo, kati ya kuku waliogandishwa miguu juu, Simiyu alipomwambia Lynn kwamba anataka kumwoa. Mpaka leo Lynn hawezi kula kuku bila kutabasamu.

Ningependa kukuambia kwamba waliachwa wafurahi. Lakini ng'ambo ya pazia, sebuleni, alikuwa ameketi Mzee Ngatia.

Mzee Ngatia alikuwa babake Lynn. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa karani wa kupima kahawa katika kiwanda cha ushirika, mtu aliyejua namba ya kila mkulima bila kufungua kitabu. Sasa, akiwa na miaka sabini na miwili, ugonjwa wa kusahau ulikuwa ukimla kuanzia juu kwenda chini. Ulianza na mambo ya jana, ukaja kazi, ukaja mke wake marehemu. Jina la mwanawe Mwai, anayenunua mbuzi mbali huko Doldol na kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, lilikuwa limemtoka mwaka jana.

Lynn peke yake ndiye aliyebaki, na alibaki kwa njia ya ajabu. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo Lynn alikuwa Murugi kama nyanya yake, na tangu azaliwe babake hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Maitu, yaani mama yangu. Ni mzaha wa heshima, unausikia katika kila boma huku kwetu. Lynn akikosa utotoni, babake alisema, "Mimi nitamchapaje mama yangu?" akamwachia mkewe kazi hiyo. Lakini ugonjwa ulipofika ulikula ule mzaha ukaacha neno. Mzee Ngatia aliamini kabisa kwamba huyu anayemwosha na kumlisha ni mama yake mzazi. Chakula alikipokea kutoka mkono huo tu.

Ndipo akaja Tata Phyllis, shangazi yake Lynn, dada mdogo wa mzee. Alitoka Karatina mwezi mzima kabla ya safari ili mzee azoee mkono wake. Kila mchana walifanya mazoezi, Lynn akijificha nyuma ya pazia. Wiki ya kwanza mzee alitema kila kitu. Jana alikuwa amemeza vijiko saba. Lynn alilia kwa furaha jikoni, vijiko saba tu.

"Nani huko?" Tata Phyllis aliita sasa kutoka sebuleni.

"Ni mimi, mama," Simiyu alijibu, akatoa kichwa kwenye pazia. "Habari ya mchana?"

"Tuko."

Jibu hilo fupi Simiyu alikuwa amelizoea. "Mama, viza zimetoka."

"Nimesikia. Ukuta ni mbao." Tata aliendelea kuchambua maharagwe. "Mwalimu, sisi hatujakukataa. Lakini unabeba msichana wa watu mpaka kwa barafu, na wazee wako hatujawahi kuwaona hata kwa picha."

"Wanakuja Januari. Baba mdogo na mjomba. Hiyo tumepanga."

"Kwanza barafu, halafu wazee. Nyinyi kwenu ng'ombe mnamchinja kuanzia mkia?"

Simiyu alicheka, na hata Tata mdomo wake ukacheza kidogo. Mzee Ngatia aliwatazama kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini, fimbo ikiwa imeegemea mkono wa kiti. Alikuwa ametulia. Alikuwa amekula asubuhi.

Simiyu alirudi nyuma ya pazia. "Sasa vaa nikuone. Sweta, halafu koti juu. Tuangalie kama hiyo zipu inafunga na sweta ndani, tusiaibike kwa watu."

"Hii joto yote?"

"Dakika moja tu."

Akavaa. Zipu ilipanda bila kukwama. Lynn aliinua kofia yenye manyoya, akajishika kiuno, na Simiyu akamtazama kwa namna iliyomfanya ainamishe macho. Jicho la mwanamume akikutazama hivyo huwezi kulisahau. Lynn alitamani Alhamisi ije jioni hiyo hiyo.

"Ngoja Tata anione," alisema. "Leo atacheka apende asipende."

Akasukuma pazia, akaingia sebuleni na kuzunguka mara moja kama wanavyofanya kwenye maonyesho ya mavazi. Nyuma yake akatoka Simiyu, begi mgongoni.

Tata Phyllis hakucheka. Bakuli la maharagwe lilimteleza, maharagwe yakatawanyika sakafuni.

Mzee Ngatia alikuwa amesimama. Mtu ambaye kwa miezi mitano hakuinuka bila kushikwa, alikuwa amesimama peke yake, blanketi miguuni. Sauti iliyotoka haikuwa ya mzee.

"Maitu, usiende."

"Baba, ni mimi. Ni koti tu."

"Usiende na huyo mtu." Alipiga magoti, akashika pindo la koti kwa mikono miwili. "Nitakuwa mzuri. Maji nitachota. Mbuzi nitachunga peke yangu, na sitalia usiku. Maitu, mwambie huyo mtu aende na lori yake."

Lynn alichuchumaa, akamkumbatia. Simiyu akaja mbio amsaidie kumwinua, na hapo mzee akanyakua fimbo. Ilimpata Simiyu kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kwamba bado anazo.

"Toka," alipiga kelele. "Ni wewe. Ni wewe ulimpeleka."

"Toka nje, mwalimu," Tata alisema. "Tafadhali toka. Na wewe, Maitu, vua hiyo kitu."

Ilichukua muda mrefu. Lynn alivua koti, Tata akalificha chumba cha kushonea, na Simiyu akatoka kwa mlango wa jikoni. Mzee alilia mpaka akachoka, na mwisho akalala pale pale kitini, mkono wake umekamata vidole vya Lynn. Lynn alivitoa kimoja kimoja. Alipofika jikoni alimkuta Tata amesimama mbele ya jiko ambalo halikuwa limewashwa, na Simiyu mlangoni, mkono umeanza kuvimba.

"Tata, hiyo ilikuwa nini?"

Tata Phyllis hakugeuka. "Cucu yako, mama yetu sisi, aliambiwa kuna kazi ya kuchuma pareto huko Kieni. Baba yako alikuwa na miaka sita. Mama mmoja mzungu alikuwa amempatia koti kubwa, ya kahawia, na manyoya hapa kwa shingo. Lori ikakuja kuchukua watu. Yeye akasema atarudi Jumamosi."

"Mlituambia alikufa kwa homa."

"Alikufa kwa homa. Huko huko. Lakini watoto siku hizo hawakuwa wanaambiwa mtu amekufa. Baba yako aliambiwa, ngoja, atarudi. Akangoja kwa barabara mpaka akaota ndevu."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa kwa mgongo yake. Ndani ya hiyo koti." Sasa Tata aligeuka, na Lynn akaona kwamba alikuwa akilia bila kutoa sauti. "Mimi watu walinirudisha. Kila siku ya maisha yake baba yako amekuwa mzuri kwangu, na kila siku najua mtu mwenye alikuwa anangojea kwa hiyo barabara hakuwa mimi."

Lynn alimshika Tata bega, kisha akampita Simiyu, akatoka nje hadi kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba. Simiyu alimfuata.

"Mkono unauma?"

"Mkono ni sawa." Aliuficha mgongoni. "Lynn, wewe unajua huu ugonjwa. Kesho hatakumbuka hata kidogo."

"Amesahau mama yangu, Simiyu. Amelala na yeye kitanda kimoja miaka thelathini, na amemsahau. Amesahau Mwai. Hiyo lori hajasahau."

"Hatakuona ukivaa. Koti nitabeba mimi kwa begi, utavaa tukifika."

"Na nikitoka kwa mlango? Asubuhi anitafute asinipate, Tata amwambie nini? Atarudi Jumamosi?"

Simiyu aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kutafuta jawabu, alizoea hesabu zinazotoka. Lynn aliona akitafuta, na alimpenda kwa uchungu kwa sababu alijua hatalipata.

"Basi hatuendi," Simiyu alisema. "Nitapiga simu. Hizo taa zitakuwa hapo."

"Uliniambia baada ya sasa ni miaka kumi na moja."

"Tutangoja miaka kumi na moja."

"Si mambo ya taa tunaongea."

"Najua si taa tunaongea."

"Basi niambie. Kama siwezi kutoka siku kumi, Januari wazee wako wanakuja kuitisha nini?"

"Nitahamia hapa. Ruring'u na hapa ni karibu. Watu watasema mwanamume ameolewa, waseme."

"Ameona uso wako na hiyo begi. Wewe ndio mtu wa lori sasa. Kila siku ukiingia kwa hiyo mlango atakuwa mtoto wa miaka sita. Unataka nimfanyie hivyo kila siku?"

Simiyu alikaa juu ya jiwe la kufulia. Kwa mara ya kwanza tangu Lynn amjue, alionekana mtu mwenye miaka yake yote thelathini na sita. "Basi nitakungoja. Nitakaa Ruring'u, tutaonana Jumamosi, nitakungoja mpaka..."

"Mpaka nini?"

"Lynn."

"Sema. Mpaka nini?"

Lynn aliegemea tangi, bati lilikuwa na joto la jua mgongoni.

"Ndio hiyo sasa," alisema. "Ukikaa unangoja, utakuwa unangoja baba yangu afe. Na mimi nitakuwa nangoja na wewe. Nitamlisha na nikitoa kijiko kwa mdomo nitakuwa nafikiria, bado? Siwezi, Simiyu. Nakupenda, na siwezi kukupenda hivyo. Siku akifa nitakuangalia nione kama ulifurahi."

"Singefurahi."

"Najua. Lakini nitaangalia."

Ndani ya nyumba Tata alikuwa akiokota maharagwe. Yalisikika yakidondoka moja moja kwenye bakuli. Simiyu alisimama, akamshika Lynn uso kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliovimba. Walitazamana. Lynn alijilazimisha kutazama kila kitu, nyusi zake, kovu dogo la kidevuni, macho mekundu ya kusahihisha mitihani, maana alijua kwamba kuanzia kesho atavihitaji vitu hivi na hatakuwa navyo.

"Wewe uende," alisema. "Usipoteze tiketi zote mbili."

"Niende nione nini bila wewe?"

"Uangalie tu. Hata usinitumie picha."

"Nitakuwa stage Alhamisi saa kumi na mbili. Kiti chako nitakiwekea begi. Ukikuja, umekuja."

"Usiwekee kiti."

"Nitaweka," Simiyu alisema.

Alipita chumba cha kushonea kuchukua bahasha yake. Alikaa humo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha Lynn akamwona kutoka upande wa nyumba akielekea getini na begi lake, bila kugeuka. Akatoka, akalifunga geti. Akalitikisa. Lynn aliziba mdomo kwa kiganja, na Simiyu akalitikisa tena.

Kelele hiyo ndiyo iliyomwamsha Mzee Ngatia.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni, Tata alikuwa amepika viazi na njegere na kuviponda laini kama mzee anavyopenda. Lynn alinawa uso, akavuta kigoda, akaketi mbele ya baba yake na sahani. Alijaza kijiko. Mzee alikuwa ameelekeza macho dirishani, kwenye geti.

"Kula, Baba."

Mzee aligeuza uso kumtazama. Alimtazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeketi karibu naye kanisani.

"Wewe ni nani?"

Kijiko kilibaki hewani. "Ni mimi. Murugi."

"Murugi ni mama yangu," mzee alimsahihisha kwa upole. "Ameenda. Nimesikia geti. Amevaa koti ameenda na mtu wa lori."

"Hajaenda. Niko hapa. Mimi Maitu niko hapa."

"Si wewe," alisema, akarudisha macho dirishani.

Tata Phyllis alijaribu. Lynn alijaribu tena, kwa wimbo wa kanisa, kwa chai, kwa kumshika mkono jinsi alivyomshika kila siku. Midomo ya mzee ilikuwa imefungwa, si kwa ukaidi. Alikuwa tu hana njaa ya mkono wa mtu asiyemjua. Lynn aliweka sahani chini. Asubuhi hiyo alikuwa na watu wawili waliomtazama wakamwona yeye. Mmoja Lynn alikuwa amemfukuza mwenyewe kwa sababu ya mwingine, na sasa huyu mwingine alikuwa akiuliza ni nani. Alitaka kulia kwa sauti, mtaa mzima usikie, lakini kilio kiligoma.

"Atakula kesho," Tata alinong'ona.

"Hatakula, Tata. Ataketi hapo kwa dirisha."

Aliinuka. Alienda chumba cha kushonea, akalitoa koti chini ya kitambaa ambapo Tata alikuwa amelificha, akalivaa. Zipu ilipanda mpaka kidevuni. Tata alimwona akipita jikoni na akafungua mdomo kusema neno, kisha akaelewa na kuufunga. Lynn alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka kwa uchochoro wa jirani ili asionekane dirishani, akafika getini kwa nje, barabarani.

Alipotia mikono mifukoni aligusa kitu kigumu. Hakuhitaji kukitoa ili ajue Simiyu alimwachia nini. Alizijua kona zake na jalada lake, na karatasi nene ya viza katikati.

Barabara ilikuwa wazi mbele yake. Juu ya paa za Skuta mlima ulikuwa umejitokeza, kama unavyojitokeza Desemba saa hizo, kilele kikiwa na mwanga kidogo wa mwisho. Kutoka hapo hadi chumba cha Simiyu Ruring'u ni mwendo wa dakika arubaini kwa miguu. Angemkuta akipanga nguo. Angebisha tu. Koti tayari alikuwa amevaa, pasipoti tayari alikuwa nayo, na ndani ya nyumba hakukuwa na mtu aliyemfahamu mbali na Tata. Alisimama hapo mpaka baridi ikaanza kuuma masikio, mguu mmoja mbele ya mwingine, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

Kisha akageuka, akafungua geti, akaingia kwa njia ya mbele, polepole, ili aonekane dirishani vizuri. Akabisha mlango wa nyumba yao kama mgeni.

Tata ndiye aliyefungua. Nyuma yake, Mzee Ngatia alikuwa ameinua mikono yote miwili kutoka kwenye kiti.

"Maitu?"

"Nimerudi."

"Ulisema Jumamosi."

"Nilichelewa. Unisamehe."

Mzee alipapasa mkono wa koti, akapapasa manyoya ya kofia, akaweka shavu lake hapo. Alivuta pumzi ndefu, na kitu kilichokuwa kimekaza ndani yake kwa miaka sitini na sita kilionekana kulegea usoni. Tata Phyllis alienda kusimama jikoni gizani.

"Hutaenda tena?"

Pasipoti ilikuwa ikimgusa Lynn ubavuni. Alijaza kijiko.

"Siendi tena," alisema. "Fungua mdomo."

Mzee akafungua. Alikula kijiko cha kwanza na cha pili na cha kumi, macho yake hayakumtoka usoni, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe na akaomba nyingine. Jiko la makaa lilikuwa limewashwa kando ya kiti. Ndani ya koti lililoshonwa kwa ajili ya theluji, jasho lilimtiririka Lynn mgongoni na kifuani na machoni. Lakini kila mkono wake ulipoinuka kuelekea kwenye zipu, baba yake aliacha kutafuna.